Miaka ya Mpira ya Kocha Gratien

Kocha Gratien hajui kusema polepole. Akikusalimia kwenye stesheni ya Toongabbie, hapa Sydney, watu walio ng'ambo ya reli wanageuka kuangalia nani anagombana. Na hagombani. Anauliza tu habari za nyumbani, za kazi na za goti lako. Amewahi kuwa beki wa kushoto wa timu ya taifa, na mabeki wa zamani wa kule kwetu walifundishwa kumwita kipa kwa sauti inayovuka uwanja mzima wenye kelele. Hakuna aliyemfundisha kuishusha baadaye.

Mimi ni Bibiane, mama yake Aline, mzaliwa wa Bukavu. Kwa kazi nawatunza wazee. Kwa kulazimishwa ni meneja wa timu ya Gratien ya mabinti wa chini ya miaka kumi na minne. Umeneja huo maana yake ni kufua jezi, kukata machungwa ya mapumziko na kujaza fomu za Kiingereza ambazo yeye akiziona anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikusimuliwa, isipokuwa ya mwanzo, na hayo nimeyasikia kutoka kinywani mwake mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Alizaliwa Kadutu, Bukavu, mwaka 1962, akaitwa Gratien Cirhuza. Jina hilo ni la kwetu Bashi, wenyeji wa Bukavu, halina mjadala. Mwaka 1988 klabu moja ya Bujumbura ilimwona, ikamchukua, naye akateremka bondeni na begi moja na njumu zilizoshonwa mara mbili. Mwaka mmoja baadaye kiongozi mmoja wa klabu alimwambia: mguu wako wa kushoto ni wa timu ya taifa, kilichobaki ni uraia na umri. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba, na walikuwa wanatafutwa vijana. Kiongozi akampeleka ofisini, akamwambia asiseme kitu, akamsemea yeye. Gratien aliingia mlangoni Mkongo wa miaka ishirini na saba, akatoka Mrundi wa miaka ishirini na moja, jina lake Gratien Kubwimana, mzaliwa wa 1968.

Msishangae sana. Kwenye mpira wa kwetu kila mtu alikuwa na miaka miwili: miaka ya kweli, anayoijua mama yake, na miaka ya mpira, inayojulikana na klabu. Hakuna aliyeita wizi. Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba alikuwa amekwisha kumchumbia Nibigira, mwanamke wa Gitega mwenye akili zake. Angengoja tu angeweza kuuomba uraia huo kwa haki, kama mume wa Mrundi. Lakini mchezaji humwambii kungoja.

Aliichezea Burundi mechi tisa. Atakuhesabia zote, moja baada ya nyingine, na ile ya kumi aliyokaa benchi atakuambia kosa lilikuwa la nani. Mwaka 1993 vita vilipopamba moto walikimbilia Tanzania, yeye na Nibigira, wakaandikishwa kambini mkoani Kigoma. Karatasi pekee aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ile ya mpira. Wakaandika walichokiona. Tangu hapo ule uongo ukawa mkimbizi kama yeye, ukapewa namba, ukapangiwa hema, na mwaka 2005 ukapanda ndege kuja Sydney.

Huku alipata kazi kwenye ghala la vigae, upande wa Rooty Hill, kuendesha folklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo. Mwaka uliofuata alianzisha timu. Wavulana walikuwa na makocha mpaka wa kugombania. Mabinti walikuwa nyuma ya kanisa wakipiga chupa ya plastiki huku wazazi wao wakiimba ndani. Gratien alitoka katikati ya mahubiri, akawatazama, akarudi akaninong'oneza kwa sauti iliyomfanya mchungaji anyamaze: "Mama Aline, bale batoto bako na miguu ya mpira!" Hivyo ndivyo nilivyokuwa meneja.

Nimempenda mtu huyu kama kaka, na kaka ni wa kukukera. Aliwanunulia mabinti njumu za mitumba akazisugua mwenyewe. Aliwafundisha kupokea mpira kwa kifua bila aibu. Mvua ikinyesha alisimama nje ya mwavuli, eti kocha hawezi kukauka wachezaji wakilowa. Aliwaita wote kwa jina moja, "mama," hata wa miaka kumi.

Sasa tufike kwenye msimu wa 2008.

Mwezi wa Julai, Belyse alifunga mabao matano katika mechi moja. Belyse alikuwa mshambuliaji wetu, mrefu kuliko mimi, mkimya, mwenye hatua ndefu. Kocha wa timu pinzani hakupeana mikono na sisi. Siku tatu baadaye ikaja barua kutoka chama cha ligi ya wilaya: kuna malalamiko juu ya umri wa mchezaji huyo, na wamekagua orodha yetu wakakuta jambo la ajabu. Kati ya mabinti kumi na wanne, tisa wamezaliwa tarehe moja Januari.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu watu wa kambini Januari mosi ni siku ya kuzaliwa ya ukoo mzima. Ukifika mezani bila tarehe, au karani akichoka kukusikiliza, anakuandikia mwaka, kisha Januari mosi, anayefuata! Hata mimi ni wa Januari mosi. Lakini chama hakikucheka. Kwa wale wanane, kilisema, kitaridhika na maelezo. Kwa Belyse kilitaka ushahidi ulioandikwa zamani, si neno la mzazi, ndani ya wiki mbili. Ushahidi usipopatikana, timu nzima itaondolewa kwenye ligi, na zilikuwa zimebaki mechi tatu kabla ya nusu fainali.

Na hapo Gratien akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya.

Baada ya mazoezi alimwita Belyse pembeni, karibu na goli. Nilikuwa nakusanya mipira, na sauti yake mnaijua.

"Mama, niambie mimi peke yangu," alisema. "Miaka yako ya kweli ni ngapi? Sitakasirika."

Mabinti wetu wanakielewa Kiswahili chote, lakini majibu yao huja kwa Kiingereza. "I'm thirteen, Coach."

Gratien akacheka. Kwenye karatasi Belyse alikuwa wa Januari mosi 1994, yaani amekwisha kutimiza kumi na minne, ingawa ligi huangalia mwaka wa kuzaliwa tu na wa 1994 walikuwa wanaruhusiwa. Maisha yake yote Gratien hakuwahi kuona karatasi iliyomwongezea mtu miaka. Karatasi kazi yake ni kupunguza.

"Hata karatasi inasema kumi na ine!" alisema. "Weye unapunguza tena? Usiogope. Sisi bote tulipunguzwa. Sema tu ya kweli."

 Belyse akaketi, akavua njumu, akaziweka kwenye nyasi mbele ya miguu ya kocha wake, akaondoka kuelekea stesheni na soksi tu, huku nikimwita na yeye hageuki.

Nilimwendea Gratien nikamwambia maneno ambayo meneja hapaswi kumwambia kocha. Nilimwambia nyani haoni kundule. Nilimwambia kwamba wazungu kumdhania mtoto yule ni mwongo tungeweza kuvumilia, lakini si sisi. Yeye alikuwa ameshika zile njumu. Nadhani kweli alifikiri anamsaidia.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wanakunywa chai ukumbini pale Toongabbie. Akaja Irambona, mama yake Belyse. Huyu ni mjane, mwembamba, mwenye heshima zake. Kwa miaka miwili alikuwa anamleta binti mazoezini, anatusalimu sisi wote, lakini Gratien anapewa ncha za vidole tu. Tulifikiri ni tabia yake.

"Kocha," alisema, "mwanangu hana miaka miwili miwili kama nyinyi."

"Mama Belyse, mimi nili..."

"Ngoja nimalize. Nilimzaa kambini, siku ya Jumapili, mukiwa uwanjani. Baba yake alikuwa kipa wako. Lazare. Walimwitia golini kwamba niko na hali mbaya, akakimbia. Na weye ulimfuata nyuma ukimtukana mpaka mlango ya kliniki. Mtoto wangu sauti ya kwanza kuisikia duniani ni yako, ukisema baba yake ni mwanamke. Halafu leo unauliza umri wake?"

 Gratien hakumjua Irambona kule kambini. Alijua wachezaji, wake zao walikuwa ni watu wa mbali wenye ndoo. Na kwa Warundi mtoto hana lazima ya kubeba jina la baba, kwa hiyo jina la Belyse halikuwa limemwambia chochote. Lakini Lazare alimjua. Lazare alifukuzwa timu siku ile, akahamishiwa kambi nyingine, akafa kwa malaria mwaka 1999. Hawakuwahi kuonana tena.

Kwa mara ya kwanza nilimsikia Gratien akisema kwa sauti ndogo. "Ni ile siku ya ine bila," alisema. "Nilifungwa ine bila." Akaweka kikombe, akatoka.

Jioni ile Nibigira alinipigia simu niende. Nilimkuta Gratien jikoni na sanduku la bati wazi, ameshika daftari lililovimba kwa unyevu. Tangu Kadutu alikuwa na desturi ya kuandika kila mechi. Alinionyesha ukurasa. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka: Jumapili, 18 Septemba 1994. Tumefungwa 4–0. Lazare ameacha goli dakika ya 40, eti mke anazaa. Nimemfukuza.

Basi Belyse alikuwa mkweli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na miezi kumi, na karani wa kambini alikuwa amemwongezea karibu miezi tisa ya bure.

"Tumepona!" nilipiga kelele. "Kesho ninaitafsiri."

"Fungua ukurasa ya kwanza," alisema Nibigira.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya timu ya kambini, na mbele ya kila jina namba mbili katika safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula: miaka ya mpira, miaka ya kweli. Kocha alihitaji kujua nani ana mapafu ya kweli na nani ana ya karatasi. Na jina la juu kabisa, kwa kuwa alikuwa kocha na mchezaji, lilikuwa lake, jina alilopewa na baba yake: Cirhuza Gratien. Mpira 26, kweli 32.

Juu ya friji yalikuwa majibu ya fomu niliyoijaza mimi mwenyewe miezi mingi nyuma: maombi ya uraia wa Australia ya Gratien Kubwimana, mzaliwa wa 1968, na mkewe na watoto wawili, yamekubaliwa. Sherehe ya kiapo ni mwezi wa kumi. Akipeleka daftari lile chamani, anapeleka na ushahidi kwamba Gratien Kubwimana wa 1968 hakuwahi kuwapo.

"Chana ukurasa wa kwanza," nilisema. Ndiyo, nilisema, na nilikuwa namaanisha.

"Mama Aline, kaye, hii daftari, ikichanwa, nani ataiamini?"

"Hawatajua."

"Ukichana," alisema Nibigira, akiendelea kuosha vyombo, "mimi nitajua."

 Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wote wawili, na Mungu pia kidogo.

Kikao cha chama kilifanyika Alhamisi, chumba cha klabu chenye makombe yenye vumbi. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja aitwaye Rufus, fundi bomba mstaafu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alilipokea daftari kwa mikono miwili. Nilimtafsiria ukurasa wa Septemba, neno kwa neno, hata "eti." Irambona alikuwa ameketi nyuma na Belyse, ameshika karatasi ya kambi inayomtaja Lazare kuwa baba. Rufus aliangalia tarehe, akaangalia wino, akamwangalia Belyse, na niliona uso wake ukilegea.

Kisha, kama watu waangalifu wanavyofanya, akafungua mwanzo wa daftari. Akaweka kidole kwenye zile safu mbili, akaniuliza ni za nini.

Niliitafsiri vizuri sana. "Shirt numbers," nilisema, yaani namba za jezi. "Old and new."

Sikutetemeka hata kidogo. Rufus akaitikia kwa kichwa, akataka kufunga.

"No," alisema Gratien.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Aliuondoa.

"No shirt. This one football age. This one true age." Akaweka kidole chake kinene juu ya jina la kwanza. "This is me. I am born sixty-two."

Rufus alivua miwani. Alimuuliza, taratibu, kwa nini anamwambia jambo hilo wakati hakuulizwa. Kiingereza cha Gratien kikaishia hapo. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, akaniomba niseme yote bila kupunguza, na safari hii sikupunguza.

"Mwambie, mimi niliuza miaka sita, nikapewa mechi tisa. Ni mimi niliuza. Huyu mutoto hakuuza kitu. Akiamini ile ukurasa ya Septemba, aamini na hii, mkono ni moja ulioandika. Asiniamini nusu."

 Rufus akashauriana na wenzake wawili, kisha akasema kamati imeridhika: Belyse anacheza, timu inabaki. Umri wa kocha, alisema, si kazi ya kamati ya mabinti wa chini ya kumi na minne. Lakini kama anataka ushauri wa mzee, awaandikie Uhamiaji yeye mwenyewe kabla wao hawajamwandikia.

Tuliandika barua ile Jumamosi, mimi na yeye, kurasa mbili. Alisaini kwa jina la Cirhuza. Mkono wake ulikuwa umelisahau kidogo, akarudia mara tatu kwenye gazeti kwanza.

Belyse hakurudi kwa sababu kamati imesema. Gratien alikwenda kwao na zile njumu, amezipaka rangi, akasema amekosa. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba alimtukana uwanjani, basi akaombe msamaha uwanjani. Na mtu mzima yule, mchezaji wa taifa, alisimama Jumanne mbele ya watoto kumi na wanne akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabara kuu, kwamba Belyse ni mkweli, na kocha wao alikuwa mwongo wa miaka kumi na tisa. Mmoja wao akauliza kama bado watafanya mazoezi ya kona. Wakafanya.

Nusu fainali tulitolewa kwa penalti. Asiyekubali kushindwa si mshindani, aliwaambia, halafu akaenda nyuma ya gari langu kulia.

Majibu ya Uhamiaji yalikuja mwezi wa tisa. Jina lake limeondolewa kwenye sherehe, shauri lake linachunguzwa, anaweza kuombwa maelezo zaidi. Hayakusema mpaka lini. Hayakusema kama atabaki na ruhusa ya kuishi nchini. Mke na watoto waendelee.

Kwa hiyo siku ya kiapo, katika ukumbi wa halmashauri, Nibigira na watoto walikaa mbele pamoja na wanaoapa, na Gratien akakaa nyuma pamoja na wageni, amevaa suti iliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa upande wake mmoja. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kitupu. Walipoitwa kusimama, watu kutoka nchi zote, na Nibigira akainua mkono, Gratien naye aliinuka kidogo kitini, kama mchezaji wa akiba aliyedhani ameitwa, kisha akakumbuka, akaketi. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile. 

Watu wakaanza kupanga foleni mbele kupokea vyeti, na kila mmoja akapewa mche mdogo wa mti ndani ya kopo. Ndipo Irambona alipotoka safu ya pembeni, akapita magoti ya watu, akaketi kwenye kile kiti kitupu. Hakumtazama. Alikuwa anatazama mbele, kwa Nibigira.

"Lazare alikusamehe siku ileile," alisema. "Aliingia kliniki anacheka, akasema kocha ana haki, kipa haachi goli. Mimi ndiye nilikataa. Nimekataa miaka kumi na ine."

Gratien alisema asante, kwa sauti ambayo hata mimi wa kando niliisikia kwa shida. Yeye!

Irambona akampa mkono, kiganja chote, akauacha hapo mpaka Nibigira aliporudi na mche wake.